Tarakimu za Zahanati ni za Nani?

 Maudhui ya mazungumzo yetu ya leo ni jambo linalosifiwa sana katika semina na kusahauliwa mlangoni pa wodi, nalo ni nafasi ya mgonjwa na ahali zake katika kuitengeneza huduma ya afya ili iwe salama na iwe bora. Na sisemi nafasi ya kuhudumiwa, ambayo haina mzozo, bali nafasi ya kuulizwa, ya kuhesabu pamoja na wanaohesabu, na ya kujulishwa hesabu ile ilifika wapi baada ya kuandikwa daftarini.

Anayetaka kuijua kazi ya jamaa hospitalini na aende saa za kuona wagonjwa katika hospitali yoyote ya mkoa huu wa Njombe, iwe Kibena hapa mjini, iwe ile ya Walutheri ya Ilembula, iwe Ikonda kule Makete ambako wamisionari wa Consolata wamekuwa wakiwapokea wagonjwa waliosafiri kutoka mikoa ya mbali, kisha atazame bila haraka. Atamwona mke aliyebeba uji ndani ya chupa ya chai, dada anayemgeuza ndugu yake ubavu ili mgongo usifanye vidonda, kijana anayetumwa na karatasi kwenda kulitafuta duka la dawa lenye kile ambacho stoo ya hospitali imekikosa, na bibi aliyelala ukumbini juu ya kitenge kwa kuwa hana mtu mjini wa kumpa malazi. Hawa hawamo katika orodha ya watumishi, hawana mshahara wala sare, walakini ukiwaondoa wote kwa siku moja tu wodi itakwama kabla ya adhuhuri. Fauka ya kazi ya mikono, wanayo maarifa yasiyopatikana katika faili: wao ndio wajuao homa ilipanda saa ngapi usiku, dripu iliisha lini na muda gani ukapita kabla ya kubadilishwa, vidonge gani vilimezwa nyumbani, na mizizi gani ilichemshwa na kunywewa kabla ya safari ya hospitali, habari ambayo mgonjwa mwenyewe humficha daktari kwa haya. Na hapo ndipo penye ajabu: tabibu anapoingia na wenzake kuzungukia vitanda, amri ya kwanza itolewayo aghalabu ni kwamba jamaa wote watoke nje, na hivyo wenye habari hufukuzwa katika saa ile ile ambayo habari inatakiwa.

Sisemi hayo kwa kuwatia hatiani wauguzi, ambao wengi wao hukesha peke yao na vitanda vingi kuliko awezavyo mtu mmoja kuviangalia. Nasema kwa sababu uchache wao ndio hoja kubwa ya kuyahitaji macho ya wengine. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban mgonjwa mmoja katika kila 10 hupata madhara yatokanayo na huduma yenyewe, si na maradhi yaliyompeleka huko, na kwamba nusu au zaidi ya madhara hayo yangeweza kuepukwa. Mwaka 2019 mataifa wanachama yaliiweka tarehe 17 Septemba kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, na mwaka 2023 siku hiyo ikaelekezwa mahsusi katika kuwashirikisha wagonjwa. Maneno haya yakisikika kuwa ya Geneva, yashusheni hapa: wodi moja ya Njombe yaweza kuwa na akina Mgaya watatu na akina Mwalongo wawili, na sindano ya Mgaya wa kitanda cha dirishani haina njia ya kumjua mwenyewe ikiwa aliyeishika amechoka na anayechomwa amelala. Mtu pekee ambaye hawezi kuwachanganya hao watatu ni mama wa mmoja wao, aliyeketi pale pembeni, na swali lake dogo, "Sista, hii ni ya nani?", lina thamani sawa na kifaa chochote kilichonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Swali hilo, hata hivyo, haliulizwi kwa wepesi, na sababu yake si ujinga. Mkulima wa viazi wa Uwemba, ambaye dukani hanunui mfuko wa mbolea pasipo kuugeuza, kuusoma na kumhoji muuzaji mpaka achoke, huyo huyo akiingia chumba cha daktari huitikia "ndiyo daktari" kwa kila neno, akatoka na dawa za aina tatu asijue ipi ni ya kifua na ipi ni ya presha. Amelelewa akiamini kwamba kumhoji aliyesoma ni utovu wa adabu. Tena anachelea, na pengine kwa haki, kwamba akishajulikana kuwa msumbufu, siku mwanawe atakapougua usiku yeye atakumbukwa kwa usumbufu wake. Yuko pia bibi wa Kikinga au wa Kipangwa ambaye Kiswahili chake hakitoshi kueleza namna tumbo linavyomsokota, na mjukuu aliyekuja kumtafsiria ameachwa nje ya mlango. Watu kama hawa hawapati faida ya bango linalowaambia wawe huru kuuliza, kwa kuwa uhuru huo sharti uanzishwe na yule mwenye koti jeupe. Muuguzi asemaye, "Haya mama, hebu nieleze wewe utakavyompa mtoto dawa hizi ukifika nyumbani," kisha akanyamaza asikilize mpaka mwisho, amefanya kwa dakika mbili kazi ambayo mabango ya ukuta mzima hayaiwezi, na amepata kujua, kabla ya mgonjwa kupanda basi, kwamba "kutwa mara tatu" ilieleweka kuwa vidonge vitatu kwa mkupuo.

Nchi yetu si ngeni katika shughuli hii ya kuwaita watu katika mambo ya afya zao, na mtu wa redio ana sababu ya kulikumbuka hilo kuliko wengine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kusoma, kila kikundi na redio yake, kijitabu chake na kiongozi aliyefunzwa, wakajifunza habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi. Ilikuwa kazi kubwa, na wazee walioishiriki bado huisimulia kwa fahari. Hata hivyo masomo yale yalikuwa yameandikwa kabla ya msikilizaji kuulizwa. Njia ya maneno kutoka Dar es Salaam kwenda kijijini ilikuwa pana, na njia ya kurudi ilikuwa nyembamba mno. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata yakatamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao, na tamko hilo, kama yalivyo matamko mengi, lingebaki makabatini lau si kupata mahali pa kujaribiwa.

Mahali hapo, wasikilizaji, palikuwa katika nyanda zetu hizi. Mkoa wa Njombe haukuzaliwa ila mwaka 2012. Kabla ya hapo Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, na mkoa huo wa Iringa ndio ulioanza, katika miaka ya 1983 na 1984, mpango wa lishe ambao hata leo hufundishwa katika vyuo vya ng'ambo, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Italia, ukaanzia katika vijiji 168. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kumchosha mtaalamu apendaye makuu. Kila baada ya miezi michache watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito katika siku ya afya ya kijiji, mbele ya wazazi na viongozi wao, na uzito huo ukatiwa alama katika kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu, hata mama asiyejua herufi moja akaweza kuona mwenyewe mwanawe yu wapi na anaelekea wapi. Hesabu ya kijiji kizima ilijulikana siku ile ile, kabla jua halijachwa: watoto kadhaa wamo katika nyekundu, na hawa ndio wazazi wao, na huyu hapa mwenyekiti wa kijiji hawezi kusema hakusikia. Ndipo likafuata baraza la kuulizana sababu, kisha shauri la kutenda lililo katika uwezo wao, kisha kupima tena baada ya miezi ili ionekane kama shauri lile lilifaa au lilikuwa maneno matupu.

Na walipoulizana, waligundua jambo ambalo wataalamu wa lishe walikuwa wakilifikiri kwa namna nyingine. Nyumba nyingi hazikukosa chakula. Kilichokosekana ni mikono na saa za kumlisha mtoto. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, na mtoto wa mwaka mmoja, mwenye tumbo dogo, alipewa ugali au uji mzito mara mbili kwa siku kana kwamba yeye ni mtu mzima anayeweza kuhimili njaa mpaka jioni. Dawa ya maradhi hayo haikuwamo katika chupa yoyote. Ilikuwa ni kuwalisha watoto mara nyingi zaidi, kuanzisha vituo vya kulishia watoto wakati mama zao wako kazini, kuulainisha uji kwa unga wa kimea, na, jambo zito kuliko yote, kuzungumza waziwazi juu ya mzigo wa kazi uliorundikwa juu ya mwanamke ilhali mwanamume yupo. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji vile walipungua kutoka karibu 6 katika kila 100 hadi karibu 2. Hata ukilitoa fungu la sababu nyinginezo, fungu linalobaki ni kubwa, na mimi siyaoni mafanikio yale kuwa yametokana na mizani, maana mizani ilikuwapo kliniki tangu zamani. Yalitokana na kwamba tarakimu ilikuwa mali ya mzazi kwanza, na wilaya ikaipata baadaye.

Tulinganishe na desturi ya leo. Kila zahanati ina vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, ambamo muuguzi huandika kwa bidii, pengine kwa saa ambazo angezitumia kumtazama mgonjwa, waliokuja, waliojifungua, waliofariki, dawa zilizokwisha na chanjo zilizotolewa. Mwisho wa mwezi tarakimu hizo hupanda wilayani, mkoani na wizarani, na huko zinafanyiwa kazi, sikatai. Lakini zikishapanda ni nadra kushuka. Katika mwaka 2015 na 2016 serikali ilipovikagua vituo vya msingi vya nchi nzima na kuvipa nyota kwa ubora wake, takriban theluthi moja vilipata sifuri, na vilivyofikia nyota 3 vilikuwa vichache mno; ilikuwa ni ujasiri wa kupongezwa kwa serikali kujipima na kuyatangaza majibu machungu. Je, wangapi kati yetu tunaovitumia vituo hivyo tulijua cha kwetu kilipata ngapi, na kilikosa nyota kwa sababu gani, na kati ya sababu hizo ipi ilikuwa katika uwezo wetu? Sharti la kisheria la kutushirikisha lipo. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe waliochaguliwa na wananchi, mganga mfawidhi akiwa katibu wake, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, hata kamati ikawa na kitu cha kuamua. Ila mjadala wake, kwa kadiri nionavyo, huwa wa uzio, tangi la maji na bati za nyumba ya mtumishi, mambo ya lazima yote, wakati swali la kwa nini mama mwenye uchungu alirudishwa nyumbani halipati kifungu katika muhtasari. Na sanduku la maoni, ambalo hutajwa kila mtu anapotaka kuonyesha kwamba wananchi wanasikilizwa, mara nyingi limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake hakuna ajuaye uko kwa nani.

Hata hivyo katika mkoa huu wamo wagonjwa ambao hawakungoja kualikwa. Njombe imetangulia mikoa yote kwa maambukizi ya VVU katika utafiti mmoja baada ya mwingine: asilimia 14.8 ya watu wazima katika ule wa 2011 na 2012, wakati taifa zima lilikuwa na asilimia 5.1, na takriban asilimia 12.7 katika ule wa 2022 na 2023. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na muda si muda ikabainika kwamba kuwa na dawa rafuni ni jambo moja na mtu kuendelea kuzimeza mwaka baada ya mwaka ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo walipoinuka wanaoitwa WAVIU washauri, yaani watu waishio na virusi hivyo hivyo, wanaotumia dawa hizo hizo, ambao hukaa kliniki kumpokea mgeni aliyepewa majibu yake leo na hajui kama ataiona kesho, na ambao hushika orodha ya waliokosa siku ya kliniki na kuwafuata majumbani.

Wanaporudi na orodha ile, hurudi na ilimu. Yule aliyeandikwa daftarini kuwa mtoro, neno ambalo limekwisha kumhukumu kabla hajasikilizwa, huonekana kuwa ni mchuma chai anayelipwa kwa kilo, ambaye siku ya kliniki kwake ni siku ya kukosa ujira. Au mpasua mbao aliyeko kambini msituni kwa miezi miwili, na kadi yake iko nyumbani. Au mwanamke aonekanaye kuwa amepotea hapa Njombe, kumbe hupanda basi hadi Makambako akachukue dawa mahali ambapo jirani zake hawatamwona akiingia chumba kile. Hakuna daktari, hata awe hodari namna gani, ambaye angeyajua haya akiwa mezani pake, na maadamu hayajajulikana, tiba ya utoro itakuwa ni kugomba. Yakijulikana, tiba hubadilika: aliyetulia katika dawa apewe za miezi 3 au 6, mlango wa kliniki ufunguliwe mapema kabla ya saa za kazi, na vituo viwili vizungumze juu ya mgonjwa mmoja badala ya kila kimoja kumwandika kwa namna yake. Linalonisikitisha ni kwamba washauri hawa, baada ya kazi hiyo yote, wengi wao huhesabiwa kuwa wa kujitolea, hulipwa kidogo tena kwa kadiri mradi fulani unavyodumu, na mradi ukiisha huambiwa asanteni.

Makambako inataka neno lake peke yake, kwa sababu hapo ndipo shauri la kuwashirikisha jamaa linapopata mtihani. Mji ule uliopo penye njia panda, ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni yake, una watu wengi ambao ahali zao ziko mbali: madereva wa malori, wapakiaji, wachuuzi, wahudumu wa nyumba za wageni, vijana waliofuata mbao na parachichi. Mtu wa namna hiyo akianguka ghafla, anayemfikisha kituoni ni mwenye nyumba au mwenzake wa kazi, na fomu ikiuliza jina la ndugu wa karibu, jibu la kweli huwa ni huyo huyo aliyemleta. Hospitali inayotambua jamaa kwa damu tu itamfukuza mtu pekee aliye na habari. Na kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao wapenzi wa ushirikishwaji hupenda kuupita kwa haraka: si kila mgonjwa anataka jamaa yake ajue. Mwanamke ambaye bado hajamwambia mumewe, kijana ambaye baba yake akijua atamfukuza, hao siri yao ni sehemu ya usalama wao, wala hapana faida ya familia iliyoshirikishwa kwa kumvunja mgonjwa. Aulizwe yeye kwanza, akiwa peke yake, nani awepo na nani asiwepo; na akisema hapana, iandikwe kwamba amesema hapana.

Najua yatakayosemwa na baadhi ya watumishi waliokaa wakinisikiliza, nayo si maneno ya kudharauliwa. Watasema kwamba jamaa wamekwisha kutwikwa ya kutosha, kuanzia mipira ya mikono mpaka mashuka, na kwamba kuwaita katika ubora wa huduma ni kutafuta njia nyingine ya kuwabebesha kazi ya serikali. Hofu hiyo ninaishiriki. Anayemgeuza mgonjwa ubavu kwa kuwa muuguzi hayupo hajashirikishwa, ametumiwa; ushirika uanzie pale anapoulizwa ni nini kilichoharibika na kuona jibu lake limebadili utaratibu. Watasema pia, na hili husemwa kwa kunong'ona, kwamba ukiwaita wananchi kwenye kikao watadai posho. Na waidai. Mtumishi akienda semina hulipwa, na sijasikia akiambiwa kwamba uzalendo wake umepungua kwa sababu hiyo. Nauli ya mkulima wa kijijini ambaye ameacha palizi ili aje aeleze alivyomuuguza mkewe wodini ni gharama ya kuendesha kituo, kama ilivyo sabuni, na ipangwe katika bajeti ileile ambayo kamati huiidhinisha.

Ningependa basi kamati zetu, zitakapokutana robo ijayo, ziongeze viti viwili kwa watu waliolazwa au waliouguza katika miezi ya karibuni, si wazee wenye vyeo wanaokalia kila kiti kilichopo. Na kila mwanzo wa mwezi mganga mfawidhi abandike karatasi moja yenye tarakimu tatu au nne tu ambazo wananchi wenyewe wamechagua kuzijua, kwa mfano ni siku ngapi dawa fulani ilikosekana, wajawazito wangapi walipewa rufaa na wangapi walifika, na mtu alingoja muda gani tangu kuandikishwa hadi kuonwa. Kama atasema kwamba ofisini kwake hakuna nafasi ya kuibandika, ukuta wa nje, upande ule ambao watu huketi wakingoja kuitwa dirisha la dawa, mara nyingi hauna kitu.